Picha Nayo ni Shahidi

Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kihonda, Morogoro



Halmashauri ya chama chetu ilinitaka niseme machache juu ya kazi niliyoifanya maisha yangu yote, yaani kazi ya kupiga chapa. Nimeona nisiwachoshe kwa habari za bei ya karatasi na uchakavu wa mitambo. Hizo tutazungumza wakati wa chai. Nimechagua jambo moja la zamani sana katika kazi yetu, ambalo naamini lina faida kwa mtu wa leo. Nalo ni zile picha za mashahidi wa dini ya Kikristo zilizochongwa ubaoni na kupigwa chapa huko Ulaya katika karne ya 15. Najua humu ndani tumo Wakristo na Waislamu. Sikuja kuhubiri. Nimekuja kusema juu ya picha, na namna ya kuitazama.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili chetu kina bahati. Mtu aliyeona jambo akalisema mbele ya hakimu tunamwita shahidi. Mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, naye tunamwita shahidi. Wagiriki nao walikuwa na neno moja kwa yote mawili, martys, na maana yake ya kwanza ilikuwa ni mtoa ushahidi. Siku hizi wengi hupenda kusema mfiadini, na neno hilo ni zuri. Lakini leo nitabaki na shahidi, kwa sababu hoja yangu yote imo ndani yake. Picha ya shahidi nayo ni shahidi. Inasimama mbele yetu na kusema: mambo yalikuwa hivi. Na kila shahidi, hata awe mcha Mungu namna gani, huulizwa maswali.

Sasa, kazi yenyewe ilifanywaje? Nadhani hakuna hapa asiyejua muhuri wa kiazi. Mwalimu Mkuu, sitataja jina la mtu. Kiazi hukatwa katikati, sehemu isiyotakiwa huchimbwa, mistari inayotakiwa huachwa imeinuka, hupakwa wino, kisha hugandamizwa juu ya karatasi. Kilichochongwa upande wa kulia hutokea kushoto, ndiyo maana wengi wamekamatwa kwa herufi zilizogeuka. Basi picha ya ubao ni muhuri huo huo, ila umechongwa katika mti mgumu usio na nyuzi nene, kama mpeasi na miti mingine ya matunda ya nchi za baridi. Aghalabu kazi iligawanywa: mmoja alichora, wa pili alichonga, wa tatu alipiga chapa. Ubao mmoja uliweza kutoa picha mamia kwa mamia kabla ya mistari yake kuvunjika.

Watu wa Ulaya walianza kuchapa nguo kwa mbao hizo kabla ya kuchapa karatasi. Ninyi mliokulia hapa Kihonda, jirani na kiwanda cha nguo, jambo hilo halitawashangaza. Huko Ufaransa kimehifadhiwa kipande cha ubao kinachokadiriwa kuwa cha mwisho wa karne ya 14, chenye sehemu ya picha ya kusulubiwa kwa Yesu. Ubao ule ni mkubwa kuliko karatasi za siku zile, kwa hiyo wataalamu wengi wanaamini ulitengenezwa kwa ajili ya kitambaa. Kisha karatasi ikaanza kupatikana. Katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, Ulman Stromer alifungua kinu cha karatasi mwaka 1390. Kutoka hapo picha ya mtakatifu ikashuka bei. Zamani picha ilikuwa ukutani kanisani, au ndani ya vitabu vya matajiri. Sasa fundi viatu aliweza kuinunua siku ya gulio, akaipeleka nyumbani na kuibandika mlangoni au ndani ya kifuniko cha kasha lake.

Mojawapo ya picha za zamani kabisa zenye mwaka ulioandikwa ni ile ya Mtakatifu Kristofa, ya mwaka 1423. Imesalia kwa sababu mtu aliibandika ndani ya jalada la kitabu katika monasteri ya Buxheim. Leo imehifadhiwa Manchester, Uingereza. Kristofa, ambaye mapokeo yanasema alikufa shahidi, amembeba mtoto Yesu begani akivuka mto. Maandishi ya chini yanamwahidi mtazamaji kwamba siku atakayoutazama uso wa mtakatifu huyo hatapatwa na kifo kibaya. Mtu wa kwetu angesema mara moja: hiyo ni kinga. Naam, na watu walihitaji kinga. Tauni iliyoingia Ulaya mwaka 1347 ilirudi tena na tena, vizazi kwa vizazi. Ndiyo maana picha za Mtakatifu Sebastiani, aliyefungwa mtini na kuchomwa kwa mishale, zilinunuliwa sana, kwa kuwa watu waliona tauni nayo hupiga kama mishale itokayo mbinguni.

Wengi wa wanunuzi hawakujua kusoma, kwa hiyo mashahidi wengi walichorwa wameshika chombo cha mateso yao. Katarina ana gurudumu lake na upanga. Laurenti ana wavu wa chuma wa kuchomea nyama. Bartolomayo, aliyechunwa ngozi, ameshika kisu. Apolonia, aliyevunjwa meno, ana koleo na jino, na mpaka leo ndiye msaidizi wa wenye maumivu ya meno. Chombo cha aibu na mateso kiligeuzwa kuwa kitambulisho cha heshima. Jambo hilo silidharau hata kidogo. Mwanamke maskini aliyefiwa na watoto watatu kwa tauni aliitazama karatasi ile akaona kwamba mateso siyo mwisho wa habari ya mtu. Ilikuwa karatasi ya bei ndogo, lakini ilifanya kazi kubwa.

Hata hivyo, shahidi huulizwa maswali. Mimi nina matatu.

Swali la kwanza: picha hii imetengenezwa na nani, na kwa kutazama nini?

Mwaka 1493 mpiga chapa mmoja wa Nuremberg, Anton Koberger, alitoa kitabu kikubwa cha historia ya ulimwengu kilichoandikwa na Hartmann Schedel. Kina picha 1,809. Lakini waliohesabu wamekuta kwamba mbao zilizochongwa zilikuwa 645 tu. Mnaona hesabu hiyo? Ubao mmoja ulitumika mara nyingi. Uso ule ule ni mfalme huyu katika ukurasa huu, na mfalme mwingine kabisa katika ukurasa wa mbele. Mji mmoja uliochorwa kwa kubuni umepewa majina ya miji kadha wa kadha. Mimi kama mpiga chapa sishangai, maana ubao ni ghali na mteja anataka picha. Na wala msomaji wa siku zile hakuona kuwa ametapeliwa. Alijua picha inasema "hapa palikuwa na mfalme", haisemi "sura yake ilikuwa hivi". Shida huanza pale mtazamaji anaposahau tofauti hiyo.

Swali la pili: nani amevikwa nguo za mwuaji?

Albrecht Dürer, fundi mkubwa kuliko wote wa picha za ubao, alizaliwa Nuremberg mwaka 1471, na Koberger niliyemtaja alikuwa baba yake wa ubatizo. Kwenye mwaka 1496 hivi alitoa picha ya Mashahidi Elfu Kumi, askari ambao hadithi inasema waliuawa katika zama za Warumi kwa amri ya mfalme wa Uajemi. Watu wanarushwa kutoka mwambani waangukie miiba, wengine wanapigwa, askofu anatobolewa jicho. Ni kazi ya kutisha na ya ustadi mkubwa. Lakini tazameni anayesimamia mauaji hayo. Amevaa kilemba na mavazi ya Kituruki. Waturuki wa Osmani waliuteka mji wa Constantinople mwaka 1453, na miaka ile Ulaya nzima ilikuwa ikiwaogopa. Basi mchoraji alimvika mtu wa hadithi ya kale nguo za adui wa siku zake. Mnunuzi aliingia sokoni kutafuta picha ya mashahidi wa kale, akatoka amejifunza pia nani wa kumchukia leo.

Mfano mwingine ni mbaya zaidi, nao nausema kwa uzito. Mwezi Machi 1475, katika mji wa Trent, kaskazini mwa Italia ya leo, mtoto mdogo aliyeitwa Simon alipotea, akakutwa amekufa. Wayahudi wa mji ule wakasingiziwa kwamba wamemwua kwa ajili ya damu yake. Walikamatwa, wakateswa mpaka wakakiri jambo ambalo hawakulifanya, na wengi wa wanaume wao wakauawa. Mwaka ule ule, mpiga chapa aitwaye Albrecht Kunne alitoa katika mji huo kijitabu cha picha za ubao kuonyesha "ushahidi" wa mtoto huyo. Picha zikasambaa. Kitabu kile cha Nuremberg cha mwaka 1493 nacho kikaweka picha ya kifo cha Simon: mtoto amesimamishwa mezani, watu wazima wamemzunguka na visu, na majina yao yameandikwa ili msomaji asikosee. Miaka sita baadaye, mwaka 1499, Wayahudi walikuwa wamekwisha fukuzwa Nuremberg. Sisemi kwamba picha moja ndiyo iliyowafukuza. Nasema picha ilikuwa imekwisha waandaa majirani zao wasisikitike.

Ilichukua muda gani kuurekebisha uongo huo? Kanisa Katoliki liliifuta heshima ya Simon kama shahidi mwaka 1965. Hesabuni wenyewe: miaka 490. Uongo uliochongwa kwa siku chache ulihitaji karibu karne tano kung'olewa. Mashahidi wa kweli wa Trent walikuwa wale waliokufa chini ya mateso, lakini hakuna aliyewachongea ubao.

Sasa tuje kwetu. Kuta za nyumba za Morogoro hazikuwahi kubandikwa picha za ubao za Nuremberg. Lakini mjukuu wake tunamjua sote. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Morogoro mwaka 1882, na misheni hazikukaa bila picha za kufundishia. Baadaye mitambo ya misheni hapa nchini, kama ile ya Kipalapala, Ndanda na Peramiho, ilitoa vitabu na majarida bila kuhesabika. Na ukiingia katika nyumba ya Mkatoliki, iwe hapa Kihonda au kule juu Matombo, si ajabu kukuta picha ya Mashahidi wa Uganda, pengine juu ya kalenda ambayo mwaka wake umekwisha pita zamani.

Mashahidi hao siyo wa hadithi za kale. Walikufa kati ya mwaka 1885 na 1887, katika Buganda ya Kabaka Mwanga. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikatwa kichwa mwezi Novemba 1885. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto. Kizito alikuwa kijana wa miaka kama 14, yaani rika la hawa wa kidato cha kwanza waliokaa pale mbele. Ushujaa wao ni wa kweli, nao umeandikwa na watu waliowajua. Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza watakatifu 22 miongoni mwao tarehe 18 Oktoba 1964.

Lakini tuiulize picha yao lile swali la pili. Katika picha nyingi mashahidi wamesimama safi na watulivu, na wauaji wamevaa ngozi na manyoya, nyuso zao kama za watu wa nchi nyingine. Wauaji wa Kabaka kweli walijipamba ili watishe, mchoraji hakubuni. Ila mtoto anayeitazama picha hiyo hudhani kuwa hawa ni watu wa aina moja na wale ni watu wa aina nyingine. Haikuwa hivyo. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa na kijana aliyemlea kama mwanawe, jina lake Mbaga Tuzinde. Mbaga alikuwa mmoja wa waliohukumiwa. Jamaa zake walimsihi aikane imani, walikuwa tayari hata kumficha, naye akakataa. Mwishowe alipigwa shingoni akafa kabla mwili wake haujawekwa motoni, ili asiungue angali hai. Hiyo ndiyo huruma pekee ambayo mlezi wake aliweza kumpa. Mwuaji na shahidi walikuwa wamekula chungu kimoja. Na Mwanga mwenyewe, aliyetoa amri, alibatizwa akiwa uhamishoni Shelisheli, akaitwa Danieli, akafa huko mwaka 1903. Hayo yote yatoshea wapi katika picha ya kalenda?

Swali la tatu: nani hayumo?

Picha ya nyumba ya Mkatoliki inaonyesha watu 22. Lakini katika moto ule ule wa Namugongo walikuwamo pia Waanglikana, na Kanisa lao linawakumbuka mashahidi 23 wa miaka ile. Paulo VI mwenyewe, siku ile ya mwaka 1964, aliwataja Waanglikana hao ili wasisahauliwe. Na turudi nyuma miaka kama kumi: katikati ya miaka ya 1870 Kabaka Mutesa, babake Mwanga, aliwaua vijana wa ikulu waliokuwa Waislamu, kwa sababu walimtii Mungu kuliko mfalme katika mambo ya dini yao. Nao waliuawa Namugongo. Mahali ni pamoja, rika ni moja, na sababu yafanana. Lakini picha ni mbalimbali, na wengine hawana picha kabisa. Mpiga chapa hutoa kile kilichoagizwa na mteja wake. Sisi watazamaji ndio tunaopaswa kukumbuka kwamba pembezoni mwa karatasi ulimwengu haukwishi.

Je, yawezekana kuwakumbuka mashahidi bila kuchonga sura ya adui? Naamini yawezekana, na Mtanzania mmoja alituonyesha. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea uchoraji Makerere, alipamba kuta za kanisa la ukumbusho kule Murang'a, Kenya. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Ilikuwa rahisi achore panga na nyuso za wauaji, na wapo ambao wangefurahi. Lakini vita vile vilikuwa vya ardhi na uhuru, na waliouana walikuwa ndugu na majirani. Njau alichora maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa mpaka msalabani, katika nchi ya Wakikuyu, kwa sura za watu wa pale. Jirani yeyote angeweza kuingia kanisani humo asikute sura yake imetundikwa ukutani kama sura ya shetani.

Vijana, mtaniambia: Mzee, mambo ya mbao yamekwisha, sisi tuna simu. Mimi nawaambia mambo ya mbao ndiyo kwanza yameanza. Mara ngapi mmeletewa katika simu picha ya maiti, mkaambiwa "hawa ni ndugu zetu wameuawa jana mahali fulani", kumbe ni picha ya miaka kumi iliyopita kutoka vita vya nchi nyingine? Huo ni ule ubao wa Koberger, umepewa jina jipya. Mara ngapi mmeonyeshwa mtu mbaya, na jambo la kwanza mliloambiwa ni dini yake au kabila lake? Hicho ni kile kilemba cha Dürer. Tofauti ni kwamba mchongaji wa Trent alihitaji ubao, wino na karatasi, na picha yake ilisafiri kwa punda. Ninyi mnahitaji kidole tu. Kabla ya kidole hicho kubonyeza, ulizeni yale matatu: imetengenezwa na nani, nani amevikwa nguo za mwuaji, na nani hayumo. Kuuliza si kukana. Anayemheshimu shahidi hasa ndiye anayetaka ushahidi wake usichanganywe na uongo.

Namalizia na ombi kwa wazee wenzangu. Pale mezani limewekwa kasha la picha za zamani za shule hii. Nimezipitia asubuhi. Nyingi hazina hata jina moja nyuma. Wamo wanafunzi waliopanga mistari minne, na walimu wamekaa vitini. Wapishi waliotulisha ugali miaka ile sikuwaona hata katika moja. Baada ya miaka ishirini hakutakuwa na mtu wa kusema yule ni nani. Basi leo, kabla hatujaondoka, kila mmoja achukue kalamu ya risasi, kwa maana wino hupenya ukaharibu karatasi, aandike nyuma ya picha majina anayoyajua, na mwaka. Na anayekumbuka majina ya wapishi na walinzi wetu aniletee, nitayapanga kwa herufi nzuri tuyatundike pamoja na hizo picha.